Muhuri kwenye Mlango wa Stoo ya Mavuno

Namshukuru Mungu kwa asubuhi hii, ambayo sikuiomba na amenipa. Namshukuru kwa magoti ambayo bado yanakubali kupigwa, kwa macho yanayosoma Injili bila kuazima miwani ya jirani, na kwa dada yangu ambaye bado yu hai. Sifa ni zake kwa yale ninayoyaelewa, na pia kwa haya nitakayoyaandika, ambayo sijayaelewa mpaka leo.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja upande wa Litapunga. Nilianza kazi hii kabla hatujawa na kanisa. Tulikuwa tunasali ndani ya bani la kukaushia tumbaku, na Jumatatu nguo zetu za ibada zilikuwa bado zinanuka moshi. Kanisa tulilijenga baadaye, na kabla ya kanisa tulijenga stoo. Watu wa mjini hushangaa wakisikia hivyo. Lakini sisi ni wakulima, na tuliona Mungu anaweza kuvumilia bani kwa muda, ila mahindi ya wajane hayawezi kuvumilia mvua.

Stoo hiyo ni ya matofali ya kuchoma, bati juu, mlango wa mninga, na vidirisha viwili vya wavu. Kila mwaka baada ya kuvuna tuna Jumapili ya mavuno. Kila nyumba huleta ilichojaliwa: gunia la mahindi, debe la karanga, mpunga kwa wenye mabonde. Mtoaji hufunga kipande cha kitenge shingoni mwa gunia lake. Ni desturi ya mama zetu, ili atakayekula miezi ya njaa ajue gunia lilitoka nyumba gani na aiombee nyumba hiyo. Hata mjane hutoa. Kifuko chake huwa kidogo, pengine debe moja, na ifikapo Januari anarudishiwa hicho pamoja na vya wengine. Kwa hiyo hakuna anayepokea kama ombaomba.

Ufunguo wa stoo ninao mimi. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiba pale, watu walizoea kuleta hata vitu vyao vyenye ugomvi. Cherehani ya marehemu ilikaa humo miaka miwili warithi wakivutana. Baiskeli iliyogombewa na mashemeji wawili ilikaa humo mpaka matairi yakapasuka na wao wakapatana. Nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa, nalo ndilo lililonifikisha hapa.

Ilikuwa wiki ileile ya mavuno. Gari la serikali lilikuja sokoni kwetu na wakaguzi watatu wa viuatilifu. Aliyewaongoza alikuwa binti mmoja mpole, mwenye buti za mpira na kofia ya njano. Walipita kwenye vibanda vinavyouza dawa za shamba, wakakuta mengi. Kulikuwa na dawa za pamba zilizopigwa marufuku siku nyingi, nyingine zilizokwisha muda wake, nyingine zimemiminwa kwenye chupa za soda bila maandishi yoyote, na mifuko ya unga mweupe ambayo hata muuzaji hakujua jina lake. Muuzaji mkubwa alikuwa ameshatoroka na pikipiki. Wakaguzi walikusanya vyote chini ya jua, wakaandika orodha ndefu.

Walifanya vizuri. Naliandika hili ili asije mtu akadhani nawalaumu. Nimezika wakulima wawili waliopuliza dawa wakiwa wamevaa kaptula tu, na mmoja alikuwa kijana niliyemfundisha Komunyo ya kwanza. Serikali ilipokuja nilisema moyoni, ahsante Mungu, hatimaye.

Shida ilikuja wakati wa kupakia. Binti yule alisema sheria hairuhusu kubeba sumu kwenye gari moja na watu. Lazima lije gari maalumu lenye kibali, na lingekuja baada ya siku chache. Mpaka hapo vitu vifungiwe mahali salama. Ofisi ya kijiji bati lake lilikuwa limeng'olewa na upepo. Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia mbele ya watu wote na kusema, "Stoo ya kigango. Hapo hata shetani haibi."

Watu wakacheka. Mimi nikanyoosha mgongo.

Tulipofungua mlango, binti akaona magunia. Yalikuwa kumi na tisa, pamoja na vifuko vya wajane vimepangwa mbele kama watoto darasani. Akasimama palepale.

"Baba, haya mahindi yatoke kwanza."

Nilitazama nje. Ilikuwa saa saba mchana. Vijana wote walikuwa wamekwenda kwenye mnada wa ng'ombe, na tulikuwa wazee watatu wenye viuno vibovu. Nikamwambia, "Binti yangu, si umesema siku chache? Tutayasukuma upande huu, tuweke turubai katikati."

Akasema haifai. Nikamwambia tena, kwa sauti ile ninayotumia kuwatuliza maharusi, kwamba sisi maisha yetu yote tunalala nyumba moja na dawa ya mahindi na hatujafa. Alitazama saa yake. Walikuwa bado na kijiji kingine cha kukagua kabla ya jioni. Akakubali. Baadaye aliniambia kwa simu kwamba anajuta kukubali. Nikamwambia asijute, aliyemshawishi ni mimi.

Tukatia vitu ndani. Mlango ukafungwa kwa kufuli langu, kisha wao wakazungusha waya na kubandika karatasi yenye muhuri, iliyoanzia kwenye fremu mpaka kwenye mbao. Karatasi ilisema ndani mna sumu, na ni kosa kwa mtu yeyote kuvunja muhuri au kugusa kilichomo bila kibali cha mamlaka husika. Nikaweka sahihi kama mtunzaji. Gari lilipoondoka ndipo nilipoelewa kwamba ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu haukuwa tena ufunguo wa kitu chochote.

Mwezi wa tisa ukapita, na wa kumi. Nilikuwa nampigia binti kila Jumatatu, naye alipokea kila mara kwa heshima. Gari lilikuwa mkoa mwingine. Kisha kibali chake kilikuwa kimekwisha na kinahuishwa. Kisha binti mwenyewe akahamishwa, na namba yake ikawa haipatikani. Nikapanda basi kwenda Mpanda mjini. Ofisi ya kwanza ilinikaribisha kiti na kunieleza kwamba mzigo ule ni kielelezo, kwa hiyo ni suala la kesi. Watu wa kesi walinieleza kwamba mtuhumiwa hajapatikana, na hata akipatikana wao hawagusi kemikali, hilo ni suala la mazingira. Afisa mazingira alikuwa kijana msikivu. Alinichorea hata ramani kwenye karatasi kunionyesha mahali pa kuteketezea sumu namna ile panakopatikana. Ni mbali sana. Akasema, "Mzee, hapa mkoani hatuna. Na mimi siwezi kukuruhusu ufungue, kwa sababu nikikuruhusu na mtu akadhurika, ni mimi." Nikamwuliza kuhusu mahindi. Akasema aandikiwe barua. Nikaandika palepale mbele yake, akaigonga muhuri wa kupokelewa, nikarudi na nakala.

Ninazo nakala kumi na moja. Zote zimegongwa vizuri.

Katika kijiji chetu nina mtani, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini, naye si mtu wa kanisa letu. Alizoea kupita pale na mifugo asubuhi. Alipoona karatasi imeanza kupauka aliniambia, "Nyie watu wa sala mna ajabu. Mwizi yuko huru, wajane wamefungwa."

"Ni serikali, mtani, si sisi."

"Serikali ina karatasi. Mimi nina dume mmoja hapa, nikimwelekeza kwenye mlango ule hasomi karatasi."

Nilicheka, na nilitamani. Sitamficha msomaji jambo hilo. Usiku na mchana nilitamani dume yule ateleze tu kwa bahati mbaya. Lakini nilikuwa nimeweka sahihi. Na maisha yangu yote nimewafundisha watu kwamba mwenye mamlaka atiiwe maadamu hakuamrishi dhambi. Nilijiuliza kama hii ilikuwa amri ya dhambi. Sikuona mahali pa kuikamata. Kila aliyeniambia nisubiri alikuwa anamlinda mtu.

Desemba mvua zilichelewa, na mahindi ya watu majumbani yakaanza kuisha mapema. Wajane wakaanza kuja mmoja mmoja na vikapu vyao. Jumuiya zilijaribu. Kila nyumba ilitoa bakuli la unga kila Jumamosi, nami nashukuru sana, maana walitoa katika uhaba wao. Wajane wengi walipokea. Dada yangu alikataa.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mumewe alikufa zamani. Ni mtu wa maneno machache na yote ni makali. Alikuja kwangu na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda na kusema, "Mdogo wangu, nimesikia chakula changu kimefungwa na karatasi."

Nikamweleza habari za gari, kibali, kielelezo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilitoa gunia kila mwaka mume wangu akiwa hai," akasema. "Alipokufa nikatoa debe. Mwaka huu nimetoa debe, kitenge cha bluu. Leo unaniletea bakuli la kukusanya mlango kwa mlango. Mimi si maskini wa kijiji hiki, mimi ni mtoaji."

Nilimwambia amwachie Mungu. Akaniambia Mungu hana ufunguo wa stoo, nimeuweka mimi mfukoni. Kisha akaondoka. Bakuli lililopelekwa kwake alilitoa kwa jirani mwenye watoto wadogo.

Mvua zilipokuja zilikuja zote kwa pamoja. Siku ya pili niliona maji ya rangi ya chai yakipita chini ya mlango wa stoo, yakinuka harufu inayokaa kwenye ulimi. Nilichukua jembe na kuchimba mtaro, yasielekee kisimani. Kila siku nilichimba kidogo. Kuku watatu wa jirani walikufa wakiwa wameelekeza midomo kwenye mtaro ule. Nikaweka miiba kuuzunguka, nikapiga simu, nikaandika nakala ya nane.

Katikati ya Januari nilikwenda nyuma ya stoo kutazama kama mtaro unashika, nikakuta matofali mawili yameondolewa chini ya ukuta. Yalikuwa yamepangwa pembeni kwa adabu, kama mtu anayekusudia kuyarudisha. Tundu lilikuwa dogo, la kupita mkono na kifuko. Kwenye tope kulikuwa na alama ya fimbo, duara dogo kila baada ya hatua moja.

Sikuhitaji kuzifuata alama zile, lakini nilizifuata.

Nilimkuta dada yangu nyuma ya nyumba yake anapepeta. Kipande cha kitenge cha bluu kilikuwa kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Hakuinua macho.

"Sijaiba," akasema.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu Epifania. Na sikugusa cha mtu. Kifuko changu nilikiona dirishani, mlikisukumia karibu na ukuta."

Nikamwuliza kama hakuona unga mweupe juu ya mahindi. Akaniambia aliuona, akauosha maji matatu. Ndivyo tulivyofanya sote tangu utoto, mahindi ya kuhifadhi huchanganywa na unga wa dawa, na siku ya kusaga huoshwa. Alishangaa kwa nini nauchukua ungo mikononi mwake. Alidhani ni ule unga wetu tuliouzoea. Nani angemwambia ni mwingine? Karatasi ya mlangoni ilisema sumu, lakini dada yangu hajui kusoma. Aliyeketi mezani pake kila Jumapili na kumsomea masomo ya siku ni mimi, na sikuwahi kumsomea ile karatasi.

Nilimwuliza anajisikiaje. Akasema vizuri, ila mikono inamchezacheza, na mate yanamjaa mdomoni kama mtoto anayeota meno. Akanionyesha. Mikono ilikuwa inatetemeka kama jani la mhogo lililoguswa na upepo, naye anaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mtani wangu alitupeleka mpaka barabarani kwa mkokoteni wa maksai, bila utani hata mmoja, nasi tukapanda gari la kwenda Mpanda. Hospitali walimpokea vizuri. Walimwosha, wakamtundikia maji, wakampa dawa ya kukausha mate. Daktari aliniuliza amekula sumu gani. Nikasema sijui jina. Akasema zipo aina nyingi, na kila moja ina njia yake, kwa hiyo akijua jina atasaidika zaidi. Nikakumbuka ile orodha ndefu iliyoandikwa juani.

Nilitembea kwa miguu mpaka kwenye ile ofisi ya kwanza. Waliinuka waliponiona, maana tumekuwa ndugu sasa. Walisikitika kweli, mama mmoja wa masjala alitokwa na machozi. Lakini jalada halikuwepo. Lilikuwa limepelekwa ngazi ya juu pamoja na orodha, kwa ajili ya kuliomba lile gari. Na hata kama lingekuwepo, walisema, ule unga haukuwa na jina. Kwenye orodha uliandikwa tu "unga mweupe, haujatambuliwa". Nilirudi kwa daktari na maneno hayo matatu. Akayaandika kwenye faili, kwa kuwa hakuwa na mengine ya kuandika.

Dada yangu hakufa. Namshukuru Mungu, na kila siku namshukuru upya. Baada ya wiki mbili alirudi nyumbani, ila mikono haikuacha kutetemeka. Daktari alisema huenda ni ile sumu, huenda ni uzee uliokuwa unakuja tu. Kipimo cha kujua kipo, lakini hakipo mkoani kwetu.

Gari lilikuja baada ya Pasaka. Lilikuja kweli, lenye kibali, na vijana waliovaa nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Watoto walikimbia wakidhani ni wageni kutoka mbinguni. Dada yangu aliomba kuletewa kigoda akae mbali kidogo, upande ambao upepo ulikuwa unatokea, atazame. Wakakata waya, nikatia ufunguo wangu kwenye kufuli baada ya miezi minane, na mlango ukafunguka. Wakatoa madumu, chupa, na mifuko iliyopasuka, wakafagia mpaka vumbi na kulitia kwenye mapipa. Walifanya kazi kwa uangalifu, na nikawaombea moyoni.

Kisha kiongozi wao akasimama mbele ya magunia akiwa na fomu.

"Mzee, haya hayamo kwenye orodha."

Nikamweleza kwamba yamelala na sumu miezi minane. Akasema anaona, na kwa sababu hiyo yasiliwe na mtu wala mnyama.

"Basi yachukueni."

"Siwezi kupakia kisichoandikwa. Njiani nikikaguliwa, gari zima linazuiwa."

"Niyachome?"

"Hapana, moshi wake una hatari."

"Niyafukie?"

"Hapana, mzee wangu. Kisima kile pale."

"Nifanye nini, kijana wangu?"

Alivua kinyago chake, nikaona ni kijana wa umri wa mjukuu wangu, jasho limemlowesha. Akasema, "Niandikie barua. Nitaipeleka mwenyewe, nakuapia. Yaombewe kibali chake."

Akafunga waya mpya. Akabandika karatasi mpya, nyeupe, yenye tarehe mpya. Nikaweka sahihi kama mtunzaji, mahali palepale pa mwanzo. Sikuona la kufanya badala ya hilo, na mpaka leo nikilala nalitafuta silioni.

Gari lilipoondoka dada yangu aliniita. Akataka nimsomee kilichoandikwa mlangoni, neno kwa neno. Safari hii nilimsomea. Akauliza, "Na wajane wa mwaka huu watakula wapi?"

Nikamwambia mavuno ya mwaka huu tutayaweka sebuleni kwangu.

"Sebule yako inavuja," akasema.

Ni kweli, inavuja. Tumehamisha viti nje na kupanga magunia upande usiovuja, na mke wangu anapita kiubavu kwenda jikoni bila kulalamika. Dada yangu mwaka huu hakulima, lakini Jumapili ya mavuno alikuja na bakuli la karanga alizopewa na mtu, amelifunga kwa kile kitenge cha bluu. Fundo lilimshinda. Nililifunga mimi, yeye akiwa ameshika mkono wangu, na mikono yetu yote miwili ikawa inatetemeka.

Jioni nakwenda kwake tusali rozari. Punje zinamtoroka vidoleni, kwa hiyo namhesabia mimi na yeye anaitikia. Tukimaliza huniuliza kama wamekuja. Namwambia bado. Anasema haya, na kunitakia usiku mwema. Asubuhi napita stooni, naangalia kama karatasi ipo, nazoa tope mtaroni, naendelea na kazi zangu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde wewe na kisima unachokunywa. Akupe chakula kisicho na shaka, mikono iliyotulia, na mtu wa kukusomea lililoandikwa mlangoni kabla hujala. Na kama wewe ni miongoni mwa wanaoshika majalada, akupe baraka ile niliyokosa mimi, ya kuona kitu kikiwa bado kinaweza kuondolewa. Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako.